Macho Niliyokupa

Ekerenyo, jioni, kesho unasafiri

Kerubo mwanangu,

Uko nyuma ya ukuta huu unabishana na mama yako kuhusu sufuria. Yeye anataka uende Lodwar na tatu, wewe unasema moja inamtosha mwalimu anayeishi peke yake, na ndugu yako Mogaka anawacheka nyote wawili. Mambo ya sufuria, blanketi na namna ya kuhifadhi maji nimemwachia mama yako. Mimi nimekaa mezani na kalamu yako nyekundu ya kusahihishia, maana ndiyo pekee niliyoipata, kwa hivyo usidhani nina hasira. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii changu ni cha mdomoni. Nikijaribu kukiandika nakwama kila neno.

Wiki jana tulikuwa tukichuma chai kule chini karibu na mto. Siku iliyotangulia, Momanyi alikuwa ametoka Gesima kuja kukuona, na tangu aondoke ulikuwa hujasema mengi. Ulichuma mstari mzima. Halafu, bila kuinua kichwa, ukaniuliza, "Tata, kama wewe na mama mngejua mapema, mngenizaa?"

Nikakuambia mvua inakuja, tupeleke chai kituoni. Mvua haikuja. Ulijua nimekwepa, nami nikajua kwamba umejua. Jioni hiyo ndipo ulipomwambia mama yako kwamba umemkatalia Momanyi ndoa, na kwamba hutazaa, si naye wala na mwanamume mwingine, kwa sababu hutaki kumpa mtoto macho kama yako.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu la kutosha mstari mmoja wa chai. Mimi ni fundi wa pikipiki. Nikiletewa kitu kilichoharibika nataka kwanza kukifungua nione ndani, ndipo niseme neno. Acha basi nikufungulie hili lote, hata yale unayoyajua nusu nusu.

Magokoro wako, mama yangu, alikuwa akininyonyesha karibu na moto alipoona jicho langu la kushoto likiwaka jeupe kama jicho la paka. Nilikuwa bado sijaanza kusema vizuri. Akanigeuza huku na huku. Upande mmoja wa mwanga jicho ni jeusi, upande mwingine linawaka. Akawaita watu waone, na watu walipoona wakaanza kutafuta wa kulaumiwa.

Wakamkumbuka Kwamboka, jirani yetu wa boma la juu. Nilipokuwa mchanga Kwamboka alikuwa amepita nyumbani, akainama juu yangu akasema, "Huyu ana macho mazuri kama ya ndama." Ni hayo tu aliyosema. Lakini unajua watu wetu wanavyoamini kwamba kuna wanaoweza kumdhuru mtoto kwa kumtazama. Maneno ya siku hiyo yakarudiwa kisimani na sokoni mpaka yakawa ushahidi.

Mama yangu alifanya mambo mawili. La kwanza, aliacha kusalimiana na Kwamboka. La pili, wazee walipomwambia anipeleke kwa mganga, alinifunga mgongoni akatembea nami hadi hospitali ya wamisionari. Waliling'oa jicho, nikapona. Nimemlaumu kwa lile la kwanza, lakini kila ninapotaka kumlaumu sana nakumbuka kwamba ninamlaumu nikiwa hai kwa sababu ya lile la pili.

Nilipokua sikupenda hadithi ya kutazamwa. Nikajitungia yangu, kwamba nilichomwa na mwiba. Niliwaambia wenzangu shuleni hivyo, nikamwambia aliyenifundisha kazi ya gereji, nikamwambia na mama yako nilipomposa. Miaka mingi baadaye nilipotaja tena ule mwiba, mama yako alicheka akasema, "Mwiba gani? Nilijua kabla sijanywa chai ya kwanza kwenu. Shangazi yako alimwambia dada yangu sokoni." Kwa hivyo alinikubali akijua kila kitu ambacho watu walijua. Ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba kitu hicho kinaweza kupita kutoka kwangu kwenda kwa mtoto.

Ukazaliwa wewe. Siku tuliyokupeleka kanisani kuwekwa wakfu, mpiga picha alitupanga mbele ya mlango, mama yako na gauni la bluu, mimi na tai ya kuazima. Alipotuletea picha alikuwa anaomba msamaha. "Imeharibika," akasema. "Tazama mtoto. Jicho moja limetoka jekundu kama la watu wote, hili lingine limetoka jeupe. Nitawapiga nyingine bure."

Mama yangu aliichukua ile picha, akaitazama, akakaa chini pale pale uani. "Ni yeye tena," akasema. Hakutaja jina, na hakukuwa na haja. Mimi nikasema tungoje makambi ya kanisa yaishe, wiki hiyo tuombewe, ndipo twende hospitali. Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa, nikaiita hofu yangu imani. Mama yako hakubishana nami. Nilipoingia ndani nilimkuta ameshapanga nepi kwenye mkoba.

Kisii mjini walitutazama mara moja wakatuandikia twende hospitali kubwa ya macho karibu na Nairobi. Huko tulimkuta daktari mwanamke mwenye sauti ya chini, anayeuliza swali kisha ananyamaza mpaka umjibu. Alikumulika macho yote mawili kwa muda mrefu. Kisha akageuka akanitazama mimi.

"Baba Kerubo, hilo jicho lako lilipatwa na nini?"

"Nilichomwa na mwiba," nikasema. Mazoea.

"Ni mwiba gani huo unaomchoma baba, kisha unangoja miaka yote hii umchome na mtoto wake?"

Mama yako akanikanyaga mguu. Nikasema ukweli.

Alituambia wewe una uvimbe ndani ya macho yote mawili, saratani ya macho inayowapata watoto wadogo. La kulia lilikuwa limejaa na lazima litolewe. La kushoto lilikuwa na alama ndogo mbili, na hilo angepigania. Mama yako hakulia. Aliuliza tu, "Tunaanza lini?" Mimi ndiye niliyeuliza mambo mengine, kwa sababu nilihisi kama nimekupa sumu kwa mkono wangu na nilitaka kujua nimeipata wapi.

Daktari akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia.

"Pikipiki ina breki ngapi?"

"Mbili. Ya mbele na ya nyuma."

"Moja ikikatika?"

"Mtu atafika nyumbani, lakini iliyobaki isimkatikie mteremkoni."

"Basi nisikilize vizuri," akasema. Akatueleza kwamba mwili wote umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli kuna nyuzi nyembamba zinazoitwa kromosomu. Ziko jozi jozi. Katika kila jozi moja imetoka kwa mama, nyingine kwa baba. Juu ya nyuzi hizo kuna jeni, na kila jeni ina kazi yake. Kuna moja, kwenye kromosomu ya kumi na tatu, ambayo kazi yake ni breki. Macho ya mtoto yanapoumbika, seli zake hugawanyika kwa kasi, na jeni hiyo huziambia basi, imetosha. Watu wengi wamezaliwa na breki hizo mbili, moja ya kila mzazi. Mimi na wewe tulizaliwa moja ikiwa imeshakatika. Siku ile iliyobaki ikikatika ndani ya seli moja tu ya jicho, seli hiyo haina tena cha kuizuia. Inagawanyika, inagawanyika, mpaka inakuwa uvimbe unaong'aa mbele ya taa.

"Na mimi nilipewa na nani?" nikamuuliza.

Aliuliza habari za baba yangu, mama yangu, ndugu zangu, wajomba, shangazi. Wote macho yao yalikuwa mazima. Akasema, "Basi inawezekana hakuna aliyekupa. Kila mtu anapoumbwa, jeni zinanakiliwa, na katika kunakili makosa hutokea. Inaonekana hili lilianza na wewe."

"Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu. Hukuwa hata umezaliwa."

"Mama yangu je?"

"Naye hakufanya kitu."

"Na yule aliyenitazama?"

Aliweka kalamu chini. "Nani alikutazama?"

Nikamsimulia habari za Kwamboka. Alinisikiliza hadi mwisho, na hakucheka. "Huyo mama bado yuko hai?"

"Yuko."

"Basi mna kazi ya kufanya mkirudi nyumbani."

Miezi iliyofuata nitakupitishia haraka, kwa sababu unayajua makovu yake kuliko mimi. Jicho la kulia lilitolewa. La kushoto lilitibiwa kwa dawa za mishipani na kwa kugandishwa kwa baridi kali, na kila mara ulilazwa usingizi ili daktari aangalie kama kuna alama mpya. Nywele zako zilianguka, ukawa na kichwa kama yai. Siku ya upasuaji ulipoamka ukiwa na bandeji nusu ya uso, nilikushika nikiwa nimejiandaa kwa kilio. Ukaninyooshea kidole ukakitia moja kwa moja kwenye jicho langu la bandia. Halikuuma, na sikupepesa. Ulishangaa sana. Ukarudia. Mama yako na mimi tulicheka mpaka sista akaja kutunyamazisha. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa urafiki wetu, mimi na wewe.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia mama yangu kwanza. Nilidhani atafurahi kusikia kwamba hakukuwa na uovu wa mtu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo ni mimi?"

"Si wewe."

"Kama si Kwamboka, na si mimi, basi ni nani?"

"Si mtu, mama. Ilitokea tu."

Hilo lilimshinda kwa siku kadhaa. Miaka yote hiyo alikuwa na mahali pa kuweka uchungu wake, nami nilikuwa nimekuja kumnyang'anya. Kisha asubuhi moja akajifunga leso akasema twende. Akatangulia kwenye njia ya boma la juu, mimi nyuma yake, mama yako akiwa amekubeba mgongoni.

Kwamboka alikuwa uani akipukuchua maharagwe. Alipomwona mama yako ana mtoto, alifanya jambo ambalo sijalisahau. Aliinamisha kichwa akageukia ukuta. Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya kila akikutana na mtoto mchanga, ili asije akasemwa tena. Nimeishi jirani naye tangu utotoni na sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu alikuwa anageuka kabla hatujafika karibu.

Mama yangu akasema, "Kwamboka, mtazame."

"Simtazami."

"Nakuomba. Mtazame."

Nikamweleza niliyoelezwa na daktari, kadiri nilivyoweza. Alisikiliza akiwa bado ameelekea ukutani. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo maneno yangu yalikuwa maneno tu?"

"Yalikuwa maneno tu."

"Nilisema una macho mazuri."

"Ndiyo, mama."

"Na yalikuwa mazuri kweli," akasema. Akafuta mikono kwenye nguo, akageuka, akanyoosha mikono, na mama yako akakuweka ndani yake. Alikutazama kwa muda mrefu mno, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Mama yangu hakujua namna ya kuomba msamaha. Alikaa chini kwenye mkeka, akavuta ungo karibu, akaanza kupukuchua maharagwe. Walipukuchua pamoja mpaka yakaisha, na tangu siku hiyo njia kati ya maboma haya mawili haikuota nyasi tena.

Utakumbuka mwenyewe ile siku uliyopoteza jicho lako la bandia kwenye chai. Ulikuwa umelitoa ili uwaonyeshe watoto wa jirani, wakakimbia, ukawakimbiza, likaanguka. Wachumaji wote waliacha kazi wakatambaa chini ya michai kulitafuta. Aliyelipata ni Kwamboka, mzee hivyo. Alikuja nalo kwenye kiganja, akamwambia magokoro wako mbele ya watu wote, "Nimeliokota nikiwa nimefumba macho, mtu asije akasema." Magokoro wako alicheka mpaka akakaa chini. Ninakusimulia hili kwa sababu wote wawili sasa wamelala, na wewe ndiwe uliyewapatanisha kabla hujajua kutembea.

Sasa nije kwako.

Kuna jambo moja ambalo mama yako hatakuambia kwa sababu halipendi mdomoni mwake. Breki yetu iliyokatika haiko kwenye macho peke yake. Iko mwili mzima. Mfupa ukikuuma na usiache, au ukiona uvimbe popote, usinunue dawa ya maumivu ukaendelea kufundisha. Nenda hospitali, na ukifika waambie mapema historia yako, hata kama hawajakuuliza. Usiwaambie ni mwiba.

Na kuhusu Momanyi. Mama yako ananiambia ulimwambia hapana, lakini hukumwambia kwa nini. Kama humtaki kwa sababu anaongea sana au hajui kucheka, hiyo ni haki yako na sitauliza. Lakini kama unamtaka, na umemfukuza kwa ajili ya jeni ambayo hajawahi kusikia habari zake, umeamua kwa niaba yake. Mwambie yote. Mwambie kwamba kila mtoto utakayempata ana nusu ya uwezekano wa kuichukua na nusu ya kutoichukua, na kwamba aliyetangulia hambadilishii anayefuata uwezekano wake. Mwambie pia kwamba siku hizi kuna kipimo cha damu, na kwamba mtoto akiangaliwa macho tangu siku zake za kwanza duniani, alama huonekana zikiwa ndogo na mara nyingi jicho huokolewa. Akitaka kukimbia, akimbie akijua anakimbia nini. Mimi sikumpa mama yako nafasi hiyo, kwa sababu sikujua. Wewe unajua.

Sikuambii uzae. Ukiamua hutazaa, mlango huu utafunguka vilevile na kiti chako kitakuwa pale pale. Unajua maumivu ya chumba cha upasuaji kuliko mimi, nami nisingethubutu kukuambia ni madogo. Ila uliniuliza swali, na swali la mtoto halifai kuachwa kwenye chai.

Ulikuwa na umri wa miaka mitatu hivi, na daktari alikuwa amesema jicho lako limetulia. Jioni moja mama yako alisema anataka mtoto mwingine. Nikasema hapana. Nilisema sana siku hiyo, Kerubo, zaidi ya nilivyowahi kusema maishani. Nilimkumbusha lile benchi nje ya chumba cha upasuaji. Nilimkumbusha nywele zako kwenye mto. Nikamwambia ile nusu aliyosema daktari, kwamba sasa hatuwezi kusingizia mwiba wala jirani, kwamba sasa tunajua, na mtu anayejua akifanya tena ana jambo la kujibu.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Wewe ulikuwa umekaa sakafuni kati yetu na ndizi mbivu, umeipaka mpaka masikioni, unaimba wimbo wa Sabato ulioutunga mwenyewe usio na mwanzo wala mwisho.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Lile baya kabisa alilotuambia daktari linaweza kutupata, ni lipi?"

"Kwamba tunaweza kuzaa mwingine kama huyu."

Alikuonyesha tu kwa kidevu.

Nikakutazama. Ukaacha kuimba, ukanitazama na wewe, kisha ukaona labda nina njaa, ukaninyooshea kile kipande kilichobaki. Nikakila.

Mogaka alizaliwa mwaka uliofuata. Alipoangaliwa macho siku zake za kwanza yalikuwa safi, na baadaye damu yake ikaonyesha kwamba alichukua ile breki nzima. Lakini hilo tulilijua baadaye. Miezi yote alipokuwa tumboni hatukujua, na tulikuwa tumeshaamua.

Umeniuliza kama tungejua, tungekuzaa? Kwako wewe hatukujua. Kwa Mogaka tulijua kila kitu, na tulimtafuta kwa sababu tulikuwa tumeshakuona wewe.

Mama yako ameshinda, nimesikia. Utaenda na sufuria tatu.

Ni mimi,
Tata